Mwanakondoo aliyelishwa mwani: nyama yake inabadilika nini hasa?

Ukisikia nyama ya kondoo yenye omega-3 (aina ya mafuta laini), mara nyingi ni kwamba mnyama alichanganyiwa mwani kwenye chakula wiki kadhaa kabla ya kuchinjwa. Sio yale majani yanayosukumwa ufukweni na mawimbi, ni vijidudu vya kuonekana kwa darubini, hasa Schizochytrium, vinakuzwa kwenye matangi kwa sukari hata bila mwanga, halafu vinakaushwa (kitaalamu hata sio mwani kamili ila jina limeshazoeleka).

Kinachotafutwa ni DHA, ile omega-3 tunayoisifia kwa samaki, na samaki naye kaipata kwa mwani. Nyasi nazo zina omega-3 lakini ni ile fupi, na mwili unaigeuza kuwa DHA kidogo mno.

Sasa shida iko tumboni. Kondoo anacheua, tumbo lake la kwanza limejaa bakteria, mafuta laini yakiingia wanayatia haidrojeni yanakuwa mafuta magumu, ndo maana unaweza kumlisha mafuta mazuri wee na nyama isibadilike sana. DHA ya mwani inaponyoka kiasi, inaenda kukaa kwenye utando wa seli za misuli, kwa hiyo hata mnofu usio na shahamu unaipata. Hafu inawavuruga wale bakteria wasimalize kazi yao, mafuta ya transi (aina ambayo kwa kawaida tunashauriwa kuiepuka) yanarundikana, mengine mwili unayageuza kuwa CLA, aina nyingine ya mafuta inayosifiwa sana, mengine yanabaki transi tu, na hili wauzaji huwa hawalitaji.

Spirulina, ambayo nayo huitwa mwani, ni habari nyingine, hiyo ina protini nyingi ila DHA karibu hakuna, usiichanganye na hii.

Ulaya chakula kinaruhusiwa kuandikwa ni chanzo cha omega-3 kikiwa na angalau miligramu 40 za DHA na EPA (omega-3 nyingine ya samaki) kwa jumla, kwa gramu 100 na kwa kilokalori 100. Nyama hii inaweza kufika hapo, ila kwa samaki mwenye mafuta kama salmoni, anayepita gramu nzima, bado haifui dafu.

Na DHA inaharibika upesi ikikutana na hewa, nyama inapoteza wekundu mapema na inaanza kunuka shombo la samaki, kwa hiyo wafugaji wanaongeza vitamini E kwenye chakula. Mwani wenyewe ukizidi, wanakondoo wanaususia.