Kodi za magari Ulaya: yanayosemwa na yaliyopo

"Umoja wa Ulaya una kodi moja ya magari."
Haupo mfumo huo. Ukisajili gari jipya Ujerumani hulipi ushuru wa usajili kabisa. Unabaki na VAT na kodi ya kila mwaka. Denmark, kwa miaka mingi, ushuru huo ulifika asilimia 180 kwa sehemu ya juu ya bei. Mwaka 2005 Kamisheni ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja huo, ilipendekeza ushuru wa usajili ufutwe taratibu na kodi za magari zifuate hewa ukaa (CO2) ambayo gari linatoa. Pendekezo lilikwama. Mambo ya kodi huamuliwa na nchi wanachama kwa kauli moja, na hakuna waziri wa fedha anayeachia chanzo cha mapato kirahisi.

"Basi nanunua nchi jirani, nakwepa."
Ushuru unakusubiri pale gari linapopewa namba. Mwaka 2024 adhabu ya hewa ukaa Ufaransa, inayotozwa gari linaposajiliwa, ilianzia kwa gari linalotoa gramu 118 kwa kilomita na kupanda hadi yuro 60,000. Kulinunua gari hilo Ujerumani hakukuokoi ukilisajili Ufaransa.

"Gari linalozidi kiwango cha Ulaya haliruhusiwi kuuzwa."
Hapa ndipo wengi wanapochanganya, kwa sababu viwango vya hewa ukaa, tofauti na kodi, kweli ni vya pamoja. Lakini anayebanwa ni kiwanda, tena kwa wastani. Lengo la gramu 95 kwa kilomita lililoanza 2020 lilihesabiwa kwa magari mapya yote kwa ujumla, na kila kampuni ikapewa lake kulingana na uzito wa magari yake. Ikizidisha inalipa yuro 95 kwa kila gramu, kwa kila gari. Piga hesabu: gramu 3 juu ya lengo, magari milioni moja, ni yuro milioni 285. Ndiyo maana mwaka 2019 Fiat Chrysler ilikubaliana na Tesla, inayotengeneza magari ya umeme tu, magari yao yahesabiwe pamoja ili wastani ushuke. Ni halali kabisa, ingawa hakuna moshi uliopungua kwa karatasi hiyo peke yake.

"Norway imefanikiwa kwa amri ya Brussels."
Norway si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, wenye makao Brussels. Ilisamehe magari ya umeme kodi zake yenyewe, na mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya 10 mapya yalikuwa ya umeme.

"Gramu chache, hewa safi."
Ireland ilihamishia kodi kwenye hewa ukaa Julai 2008, na baada ya miaka michache dizeli ikawa zaidi ya nusu ya magari mapya. Gramu zilishuka kweli, ila dizeli hutoa oksidi za nitrojeni, gesi zinazochafua hewa, ambazo kodi hiyo haikuzigusa. Na magari ya haibridi ya kuchomeka, yenye injini ya mafuta pamoja na betri ya kuchaji? Takwimu za Kamisheni, zilizosomwa kwenye magari yenyewe yakiwa barabarani, zilionyesha yanatoa hewa ukaa takriban mara tatu na nusu ya ile iliyoandikwa kwenye vyeti vya vipimo vya maabara. Wenyewe hawayachaji vya kutosha. Kodi inafuata cheti.