Leza, plazma na salfa iliyomo kwenye mafuta

Katika elementi zote ninazopima kwenye mafuta kwa leza, salfa ndiyo bahili kuliko zote. Sodiamu hung'aa hata ikiwa kidogo mno. Salfa hailegei.

Kazi yenyewe inaeleweka upesi. Lenzi hukusanya mpigo wa leza wa nanosekunde chache kwenye nukta moja ya sampuli, mafuta ya pale yakageuka plazma, yaani gesi iliyojaa elektroni huru, yenye joto la kelvini 10,000 hivi. Mwanzoni plazma hutoa weupe mtupu. Ikipita kama mikrosekunde moja, mistari ya atomu, yaani mwanga wa rangi maalumu ya kila elementi, hujitokeza, ndipo kitambuzi kinapofunguliwa.

Mistari ya salfa yenye nguvu zaidi iko karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 181, kwenye urujuanimno wa mbali, na mwanga huo humezwa na oksijeni ya hewani. Anayeitaka lazima ajaze agoni au naitrojeni njia nzima ya mwanga. Mingine mitatu iko kwenye infraredi: nanomita 921.3, 922.8 na 923.8. Hewa haiizuii, ila elektroni hulazimika kupanda hadi nishati ya karibu volti-elektroni 7.9 ndipo mistari hiyo itokee, na vitambuzi vya silikoni huanza kudhoofika huko. Kwa mafuta mazito mimi huchagua hii mitatu, huku nikipuliza heliamu juu ya sampuli.

Vipimo vingi huharibikia kwenye uso wa mafuta. Mpigo mmoja unarusha matone mpaka kwenye lenzi, uso unabaki ukicheza, na unaofuata unayakuta mafuta yamepanda au yameshuka. Mwanga unabadilika ilhali salfa ni ileile! Kwa hiyo naeneza utando mwembamba juu ya karatasi ya kuchujia, naizungusha ili kila mpigo upate mahali papya, kisha nagawanya mwanga wa salfa kwa ule wa kaboni wa nanomita 909.5, ambao hupanda na kushuka pamoja nao. Karatasi nayo ina kaboni, hivyo unene wa utando usibadilike. Na sampuli za kulinganishia ziwe za aina ileile ya mafuta. Ukitumia za mafuta mepesi kupimia mazito, namba itakudanganya.

Tangu 2020, meli isiyo na mtambo wa kusafisha moshi hairuhusiwi kutumia mafuta yenye salfa zaidi ya asilimia 0.50 kwa uzito. Kwenye kiwango hicho leza inafaa sana kutenga haraka sampuli za kutilia shaka. Lakini dizeli ya magari Ulaya mwisho wake ni miligramu 10 kwa kilo, mara 500 chini ya hapo, na hapo siitegemei hata kidogo. Natumia njia sanifu ya maabara iitwayo ASTM D5453: sampuli inachomwa kwenye joto la karibu nyuzi 1,000 za Selisiasi, salfa inakuwa dioksidi ya salfa, gesi hiyo inamulikwa kwa urujuanimno, na mng'ao wake ndio unaopimwa.

Hata kwa mafuta ya meli, namba ya kwenye cheti naitoa kwa eksirei. Leza inanionyesha chupa ipi itangulie kupimwa.