Mtaji wa Mchezo: Maana Yake kwa Mchezaji wa Poka Mtandaoni

Mtaji wa mchezo ni pesa ambazo mchezaji wa poka amezitenga kwa kucheza tu, mbali na kodi ya nyumba, karo na unga, na ambazo hata zikiisha zote hakuna mtu nyumbani kwake atakayelala njaa. Kuusimamia mtaji huo ni kuamua mapema, kabla ya kukaa mezani, ni sehemu gani yake inayoweza kuingia katika meza moja.

Mama anayeuza omena hapa Kisumu anaielewa dhana hii bila kuwahi kushika karata: pesa za mzigo wa kesho huzifunga katika pindo la leso, nazo za mboga ya leo hukaa kwingine. Mchezaji wa mtandaoni hana pindo la leso, kwani laini ya M-Pesa anayolipia stima ndiyo hiyo hiyo anayotumia kuweka pesa za mchezo. Kijana mmoja wa Kondele ninayemfahamu alisajili laini ya pili kwa ajili ya poka peke yake, na kila Jumapili jioni huandika salio lake kwa kalamu katika daftari la shule. Namsifu sana kwa hilo.

Mtaji hulazimika kuwa mara nyingi ya kiingilio, yaani pesa unazoingia nazo katika meza moja, kwa sababu katika poka mtu huweza kucheza vizuri na bado akashindwa. Mwenye jozi ya ree, karata ya A iliyo kubwa kuliko zote, akikutana na mwenye jozi ya wafalme, na pesa zote zikawekwa kabla ya karata za mezani kufunuliwa, hushinda takriban mara 82 kati ya 100. Katika zile 18 zilizobaki hupoteza alichoweka chote, na hakuna kinachozuia mikosi miwili ya namna hiyo kufuatana usiku mmoja. Ndiyo maana waangalifu huwa na viingilio 20 hadi 30 kwa meza za pesa taslimu, ambako unachezea pesa zako moja kwa moja na kuondoka utakapo, na 100 au zaidi kwa mashindano, ambako wengi hutoka mikono mitupu na zawadi kubwa huenda kwa wachache. Chris Ferguson, Mmarekani aliyeshinda ubingwa wa dunia wa poka wa mwaka 2000, alipoanza mwaka 2006 kujenga mtaji kutoka sifuri hadi dola 10,000, alijiwekea sharti la kutoingia meza ya pesa taslimu kwa zaidi ya asilimia 5 ya alichokuwa nacho.

Tuseme umetenga shilingi 6,000. Asilimia 5 ni shilingi 300, nayo ndiyo meza yako. Ukipoteza kiingilio kimoja utabaki na shilingi 5,700, ambazo asilimia 5 yake ni 285, kwa hiyo meza ya 300 haikufai tena na unashuka hadi ya shilingi 150. Hapa ndipo wengi huvunjika, kwa kuwa kushuka huuma, nao hupanda meza kubwa ili warudishe haraka kilichopotea, au hukopa kwa simu. Pesa ya mkopo si mtaji, kwa sababu ina mwenyewe anayeidai.

Hata hivyo, hesabu hii humlinda tu yule ambaye kwa wastani hushinda, baada ya makato ya wenye meza. Anayepoteza kwa wastani ataumaliza mtaji wa ukubwa wowote, ila kwa mwendo wa polepole, na daftari lake ndilo litakalomwonyesha mapema kwamba yuko upande huo.