Herufi ya Daraja Haielezi Namna Paraglaida Inavyoendeshwa

Marubani wanaotaka kubadilisha paraglaida, yaani bawa la kitambaa ambalo rubani huning'inia chini yake kwa kamba, huniuliza mara kwa mara ni lipi linaloendeshwa vizuri zaidi kati ya mabawa mawili ya daraja B. Wengi huamini kwamba herufi iliyochapishwa kwenye lebo imekwisha kujibu nusu ya swali hilo, nami sikubaliani nao. Kiwango cha Ulaya cha EN 926-2, ambacho hugawa mabawa katika madaraja A, B, C na D, hupima zaidi jinsi bawa linavyojirudisha katika hali ya kawaida baada ya kuvurugika, kwa mfano upande mmoja unapokunjika, na kiasi cha ustadi anaotakiwa kuwa nao rubani. Katika uendeshaji hugusa mambo machache, likiwemo umbali ambao breki, yaani kamba za mkononi zinazovuta ukingo wa nyuma wa bawa, zinaweza kuvutwa kabla bawa halijaishiwa nguvu ya kupaa. Hakielezi kama breki ni nzito au nyepesi, wala kama bawa huinama upesi katika kona au husitasita kwanza.

Jambo la kwanza ninalolitazama ni uzito. Tuseme bawa lina eneo la mita za mraba 25. Likibeba kilo 80, kila mita ya mraba huchukua kilo 3.2, likibeba kilo 95, huchukua kilo 3.8. Kwa kuwa kasi hufuata kipeuo cha pili cha uzito huo, bawa lililoruka kwa kilomita 36 kwa saa litaruka kwa takriban kilomita 39, breki zake zitakuwa ngumu zaidi mkononi, nalo litaitikia upesi zaidi. Rubani aliyejaribu bawa moja akiwa karibu na kikomo cha juu cha uzito, kisha akajaribu jingine akiwa karibu na kikomo cha chini, amelinganisha uzito na si mabawa. Hata muundo uleule hubadilika tabia kwa ukubwa: saizi ndogo ina kamba fupi zaidi, kwa hiyo rubani hubembea chini yake kwa haraka zaidi, na sifa ya wepesi aliyoisikia mwenye saizi ndogo huenda mwenye saizi kubwa asiipate kabisa.

Breki ndizo zinazozungumziwa zaidi, lakini mara nyingi husemwa tu kwamba ni laini au ngumu. Mimi hutaka kujua mambo matatu tofauti: nguvu inayohitajika mwanzoni mwa mvuto, jinsi nguvu hiyo inavyoongezeka kadiri mkono unavyoshuka, na mahali ambapo bawa huanza kugeuka kweli. Kuna mabawa yenye breki nyepesi ambayo hayageuki mpaka mkono ufike kifuani, na kuna yenye breki nzito yanayogeuka kwa sentimita chache. La pili humchosha rubani katika safari ndefu, lakini humpa taarifa safi zaidi, nami ningelichagua hilo kwa hewa yenye misukosuko.

Mvuto wa breki ya upande mmoja hufanya kazi mbili zinazopingana. Huongeza ukinzani wa hewa upande huo, hivyo pua ya bawa huelekea huko. Lakini huongeza pia nguvu ya kupaa upande uleule, jambo ambalo kwa muda mfupi huzuia bawa lisiinamie kona. Mabawa mafupi yenye upinde mkubwa hupita hatua hiyo bila rubani kuihisi. Mabawa marefu na membamba huionyesha wazi: ukivuta breki kwa ghafla, bawa hugeuka likiwa bado limelala sawa na kuteleza kuelekea nje. Ndiyo maana mabawa hayo hudai kuhamisha uzito wa mwili kwanza, kisha breki ifuate taratibu.

Mwendo wa mbele na nyuma, kwa maoni yangu, ndio unaotenganisha mabawa kuliko yote. Linapoingia katika hewa inayopanda, bawa moja hubaki nyuma ya rubani, hupoteza kasi, na kumlazimu aachie breki ili lipite; jingine husonga mbele lenyewe na kuingia ndani. La pili hupanda vizuri zaidi, lakini linapotoka upande wa pili huweza kupiga mbizi mbele, na mkono uliochelewa kuvuta breki hulikuta limekwisha kukunjika.

Mabawa yenye safu mbili tu za kamba hubadilisha mazungumzo haya. Katika bawa la safu tatu, kuvuta mikanda ya nyuma, inayounganisha kamba na kiti cha rubani, hupinda umbo la bawa. Katika la safu mbili, bawa zima hubadilisha pembe yake dhidi ya hewa, kwa hiyo rubani huweza kulituliza akiwa amekanyaga kanyagio la kasi bila kugusa breki.

Ninapolinganisha mabawa mawili, hutumia hanesi (kiti cha mikanda anachokalia rubani) ileile yenye mkanda wa kifua uliofungwa kwa upana uleule, kwa sababu kuulegeza peke yake huongeza mwitikio wa bawa kwa uzito wa mwili. Hukagua pia kwamba kamba za breki zina ulegevu wa kutosha. Zikiwa fupi mno, bawa huruka likiwa limefungwa breki wakati wote, hasa linapoongezwa kasi, na hapo hukumu yoyote kuhusu uendeshaji wake haifai.