Chumvi na joto ndivyo vinavyoua mashine za boti

Mashine nyingi ninazoletewa hapa Kilindoni, Mafia, ni Yamaha Enduro kuukuu, hp 15 na hp 40. Huletwa zaidi mwezi unapokuwa mpevu, maana wavuvi wa dagaa hupumzika: kwenye mbalamwezi taa zao hazivuti samaki. Wenyewe husema, "Fundi, imezeeka." Mimi huanza kwa kupima kompresheni, yaani jinsi silinda zinavyobana hewa. Silinda zote mbili zikibana vizuri na vipimo vyake vikikaribiana, mashine bado ina miaka mingi mbele, hata kama rangi imebanduka yote. Kinachoisumbua ni chumvi na joto.

Injini hizi hupozwa na maji yaleyale ya bahari. Juu ya giaboksi kuna pampu yenye impela ya mpira, kigurudumu chenye mapezi, inayovuta maji na kuyapandisha hadi kwenye silinda. Kazi yake unaiona kwenye ule mchirizi unaotoka nyuma. Tunasema mashine inakojoa. Mchirizi ukidhoofika, zima. Zibua tundu kwa waya mwembamba, huenda ni chumvi tu imeganda. Ukibaki dhaifu, fungua pampu.

Impela nzima ina mapezi yaliyonyooka. Iliyochoka hubaki imepinda upande mmoja hata ukishaitoa, na ncha zake zimelika kwa mchanga, hasa kwa boti zinazowashwa majini kidogo wakati wa kupwa. Pezi likiwa limekatika, usifunge impela mpya mpaka ukipate kile kipande. Kilipanda na maji, kitaziba njia huko juu, na utaunguza silinda ukiwa na pampu mpya kabisa. Ukirudisha, paka grisi kidogo, hakikisha kile kipini cha shafti kimekaa kwenye mfereji wake, kisha shusha kifuniko huku ukiizungusha shafti kwa mwendo wa saa ili mapezi yalale upande unaotakiwa.

Halafu kuna pipa, na hapa sina mjadala na mteja. Ukitoka baharini, tumbukiza mguu wa mashine kwenye pipa la maji yasiyo na chumvi, yafunike lile bamba lililo juu ya rafadha. Iache iungurume bila gia dakika kama 10, termostati (vali inayofunguka injini ikipata joto) ifunguke na maji yafike kwenye silinda hedi. Kuiwasha kavu, hata kwa sekunde chache, kunaunguza mpira wa impela.

Mafuta ni 50 kwa 1: dumu la petroli la lita 20 linataka mililita 400 za oili ya mashine za boti. Tumia kipimo, tafadhali. Oili ikipungua pistoni hukwama. Ikizidi plagi hulowa.

Oili ya giaboksi ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Vua rafadha uangalie shafti yake. Mara nyingi utakuta mshipi wa kuvulia umejiviringisha hapo na kukata sili, ule mpira unaozuia maji yasiingie. Ukishabadilisha sili, jaza oili mpya kupitia tundu la chini mpaka ifurike tundu la juu, funga skrubu ya juu kwanza, ndipo uchomoe mpira wa kujazia na kufunga ya chini upesi. Wanaomimina kutoka juu huacha hewa ndani, wakadhani giaboksi imejaa kumbe oili haijatosha.