Kumbukumbu ya muda mfupi kwa njiwa ni nini?

Kumbukumbu ya muda mfupi ni uwezo wa kushika jambo akilini kwa sekunde chache, hadi litumike. Binadamu utamuuliza anakumbuka nini, naye atakujibu. Njiwa hufundishwa kujibu kwa kudonoa.

Njiwa mwenye njaa huwekwa ndani ya kisanduku chenye vitufe vitatu ukutani. Cha kati kinawaka chekundu, anakidonoa, kinazimika. Baada ya sekunde kadhaa vinawaka vya pembeni, kimoja chekundu, kingine cha kijani. Akidonoa chekundu anapata nafaka. Akikosea, hapati kitu. Rangi na pande hubadilishwa bila mpangilio, hivyo mazoea ya kudonoa kulia tu au kushoto tu hayamfikishi mbali. Kadiri anavyosubirishwa ndivyo makosa yanavyoongezeka, na hapo kufifia kwa kumbukumbu kunapimika.

Mwaka 1959 mtafiti Mmarekani Donald Blough alitumia taa mbili badala ya rangi: moja imetulia, nyingine inametameta. Baadhi ya njiwa wake hawakutulia wakati wa kusubiri. Wakishaona taa ya aina moja walifanya kitendo fulani, wakiona ya pili walifanya kingine, na hakuna aliyewafundisha vitendo hivyo. Hao ndio waliochagua vizuri zaidi. Ni kama mtu anayerudiarudia namba ya simu hadi apate kalamu: kitendo chenyewe kinabeba habari mpaka wakati wa kuchagua ufike.

Kwa maoni yangu, hili ndilo jambo zito katika utafiti huu wote. Njiwa akichagua sawasawa, tusikimbilie kusema taa ile ilibaki kichwani mwake. Kwanza tutazame mwili wake ulikuwa ukifanya nini alipokuwa akisubiri, maana tabia aliyojizoeza inaweza kufanya kazi ya kumbukumbu.

Mazoezi nayo yana nguvu. Mwaka 1976 Douglas Grant alionyesha kuwa njiwa waliofundishwa sana huchagua vyema hata baada ya sekunde 60, hasa wakipewa nafasi ndefu ya kuitazama ishara ya kwanza. Kinachowakwamisha mara nyingi ni zamu iliyotangulia: nyekundu ya dakika iliyopita imeshapitwa na wakati, lakini bado inamvuta ndege aidonoe pale jibu sahihi ni kijani.