Hakohoi, Basi Anameza Vizuri? Dhana Potofu Baada ya Jeraha la Shingo

Saa ya kuona wagonjwa ikifika katika wodi za Nairobi, ndugu huingia na thamosi ya chai. Mgonjwa wao, aliyeanguka na boda boda, amevishwa kola shingoni, na kikombe humfika mdomoni kabla muuguzi hajaulizwa. Ni upendo mtupu. Lakini chai hiyo yaweza kuishia mapafuni.

Dhana: Asipokohoa, hajapaliwa.
Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Mtu mwenye afya akipaliwa hukohoa mpaka machozi yakamtoka. Aliyeumia shingo, hasa aliyekaa siku nyingi na mpira wa kupumulia kooni, anaweza kupoteza hisia za koo. Chakula huteleza kwenye njia ya hewa kimyakimya, naye anaendelea kumeza. Angalieni sauti inayokwaruza kwa majimaji baada ya kumeza, pumzi za harakaharaka, makohozi yanayozidi na homa zinazorudi. Wataalamu huhakikisha kwa eksirei ya video mgonjwa akimeza, au kwa kamera nyembamba ipitayo puani.

Dhana: Ugali ndio hatari, maji hayana neno.
Mara nyingi ni kinyume. Maji na chai hukimbia kabla koo halijawahi kufunga njia ya hewa. Uji mzito huteremka taratibu, ingawa ukizidi uzito hubaki umeganda kooni, kwa hiyo kila mgonjwa hupimiwa wake. Na msisahau kumpiga mswaki: hata mate yakiingia mapafuni hubeba vijidudu.

Dhana: Anapumua mwenyewe, mapafu yako salama.
Kiwambo, msuli mkuu wa kuvuta pumzi, huamriwa na neva zitokazo kwenye uti wa mgongo shingoni, ngazi ya 3, 4 na 5. Jeraha likiwa chini ya hapo, kiwambo hufanya kazi, lakini misuli ya mbavu na tumbo hulegea. Bila tumbo hakuna kikohozi cha nguvu, makohozi hutuama, nimonia ikafuata. Ndiyo maana wataalamu wa fiziotherapia hufundisha ndugu kusukuma tumbo kuelekea juu mgonjwa anapojaribu kukohoa. Jifunzeni mbele yao kabla ya kurudi nyumbani, msibahatishe.

Dhana: Mketishe, apumue vizuri.
Wakati wa kula, naam, kama daktari ameruhusu akae. Ila wengi waliopooza mikono na miguu huvuta hewa zaidi wakilala chali. Wakiketi, tumbo lililolegea huporomoka mbele, kiwambo kikashuka nalo na kukosa nafasi ya kusukuma. Mkanda wa tumbo husaidia hapo.

Dhana: Akitobolewa shingo ili apumue kwa mpira, hatasema tena.
Wengi husema, na wengi tundu lao hufungwa baadaye. Ipo vali ndogo ya kusemea. Kabla haijawekwa, puto linalouzunguka mpira huo ndani ya koo lazima litolewe hewa, la sivyo pumzi aliyoivuta haina pa kutokea.